Jabal Shams imekunjwa vizuri, mbona haina mafuta? Na kilima cha babu Pemba je?

"Salaam alaikum mtaalamu. Naishi Maskati, asili yetu Pemba. Juzi nilimpeleka mwanangu wa miaka 15 Jabal Shams, tukaona miamba imepinda kama busati lililosukumwa ukutani, akaniuliza baba shuleni tumesoma mafuta yanakaa kwenye miamba iliyokunjwa, sasa hapa mbona hakuna hata kisima kimoja na wanaenda kuchimba kule jangwani Fahud? Nikakosa jibu. La pili, Pemba shamba la marehemu babu lina kilima na chini yake kijito, maji yake yana utando wa rangi rangi, na watu wanasema Tundaua mafuta yanatoka yenyewe kwa hiyo na sisi tunayo. Sasa kwenye grupu la familia kuna mtu anataka kila mmoja achange riali 200 tununue hisa za kampuni itakayochimba, anasema kile kilima ni antiklaini. Nichange?"

Waalaikum salaam ndugu yangu, na kijana mpe salamu zangu. Naanza na la mwisho manake ndo lenye haraka: usichange, sio kwa maelezo hayo uliyopewa. Sababu zake ni zilezile zinazojibu swali la mwanao ndo maana nayajibu yote mawili pamoja, naomba uvumilie kidogo nifike huko taratibu.

Kinachokusumbua nadhani ni hiki, kama mkunjo ndo unaokamata mafuta basi kila penye mkunjo pangekuwa na mafuta, na wewe umeona kwa macho yako mkunjo mkubwa sana hapo Oman na hauna kitu. Mwanao hakufundishwa uongo. Kafundishwa robo ya jambo, na hiyo robo ndo rahisi kuchora ubaoni ndo maana kila kitabu kinaanza nayo.

Kwanza tuondoe lile bwawa kichwani. Wengi tukisikia "chini kuna mafuta" tunaona pango limejaa kitu cheusi kinachongoja kuvutwa. Hakuna pango. Chukua andazi la jana ulichovye kwenye chai, chai inaingia wapi? Inaingia kwenye vile vitundu vya ndani. Mwamba nao ndo hivyo hivyo, jiwe la chokaa unaloliona gumu kabisa, ukilitazama kwa lenzi lina vitundu vidogo vidogo, na miamba mizuri ya kuhifadhi mafuta inafika mpaka asilimia 20 au 30 ya ujazo wake ni uwazi mtupu. Mwanzo vitundu hivyo vinajaa maji ya chumvi. Mafuta yakija ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yanapanda, kitundu hadi kitundu, miaka na miaka, mpaka yakutane na kitu kisichopitika au yatoke juu ya ardhi yapotee.

Sasa jioni moja mpe mwanao ndoo ya maji na kikombe cha plastiki. Akikandamize kikombe ndani ya maji kikiwa kimepinduliwa kichwa chini. Hewa inabaki ndani, haina pa kwenda. Hiyo ndo antiklaini, yaani mkunjo uliovimba kwa juu kama mgongo wa ng'ombe, na hewa ndo mafuta. Halafu akiinamishe kikombe pole pole, ataona kuna wakati hewa inaanza kutoka kwa ukingo wa upande mmoja, bulu bulu bulu, pale ndo mdomo wa mtego, hata ulete mafuta mengi kiasi gani yakishafika hapo yanamwagika yanaendelea na safari. Mwisho atoboe kitako cha kikombe kwa msumari akirudie tena. Hewa yote inatoka.

Jabal Shams ni kikombe kilichotobolewa.

Pale juu mliposimama mkachungulia korongo la Wadi Nakhr, mwamba uliokuwa chini ya viatu vyenu unaitwa Natih, ni chokaa iliyotandazwa na bahari ya vina vifupi enzi za dinosaria. Mwamba huohuo, jina hilohilo, ndo umebeba mafuta Fahud na kule kwenye eneo la mafuta linaloitwa Natih lenyewe. Tofauti ni moja, Fahud chokaa ile imezikwa na juu yake kuna matabaka manene ya udongo mfinyanzi tunayoyaita Fiqa, udongo ule haupitishi kitu, ndo kifuniko. Jabal Akhdar yote, ile safu ambayo Jabal Shams ni kilele chake, imesukumwa juu mpaka karibu mita 3,000, mvua na mawadi, yaani mito ya msimu, yakakwangua kifuniko, yakala na chokaa yenyewe, na katikati ya mlima kama mkishuka kwa Wadi Bani Awf au bonde la Sahtan mtakuta miamba ya zamani kabisa iliyopaswa kuwa kilometa kadhaa chini iko nje inapigwa jua. Kama palikuwa na mafuta kwenye ile chokaa hayakuwa na cha kuyazuia. Ila usidhani mlima ule hauna faida kwetu, wanajiolojia wanapenda sana kwenda pale na kwenye vile vilima vya Salakh na Madmar karibu na Adam, sababu unaweza kuugusa kwa mkono mwamba ambao jangwani uko chini huko unauona kwa bomba tu, unapima nyufa zake zinaelekea wapi, zimepishana kiasi gani.

Kwa hiyo kifuniko ndo swali la pili baada ya umbo. La tatu ni mwamba mama. Mafuta yanatokana na viumbe vidogo vya majini, mwani hasa, vilivyokufa vikazama kwenye tope lisilo na hewa vikazikwa kabla havijaoza. Tope hilo lizame mpaka liive, tuseme kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, na kwa kuwa kila ukishuka kilometa moja joto linaongezeka kama nyuzi 25 mpaka 30, inakuwa kilometa mbili mpaka nne chini. Halijazama vya kutosha, halijaiva. Limezama mno, linageuka gesi, na mwisho hata gesi hamna. Ni jiko kabisa, na mkunjo wako hata uwe mzuri vipi kama haujaunganika na jiko lolote utajaa maji ya chumvi basi.

La nne ndo linalosahaulika zaidi, nalo ni nani alitangulia. Mafuta yakipita kabla mkunjo haujainuka yanapita tu kama daladala lililokuta kituo hakijajengwa. Nimeona mikunjo mizuri mno kwenye karatasi, mviringo safi, kifuniko safi, ukihesabu miaka unakuta jiko lilishapika na kumaliza kabla mgongo haujaanza kuvimba. Hakuna cha kufanya hapo.

Sasa nieleze kidogo mwamba unakunjwaje manake mwanao lazima ataniuliza, jiwe linapindaje bila kukatika? Linakatika kidogo, ndo jibu, na muda unasaidia. Chukua daftari nene, kwenye ukingo wa kurasa chora kwa penseli mistari iliyonyooka kutoka jalada mpaka jalada, halafu lipinde liwe kama upinde. Tazama ile mistari sasa, imelala upande, imekuwa kama ngazi, kwa sababu kila karatasi imeteleza juu ya mwenzake. Matabaka yanafanya hivyo hivyo, chokaa ngumu inabaki na unene wake na udongo laini uliopo katikati ndo unaoteleza kama grisi. Na kwa kuwa ile ngumu inavutwa kwenye upande wa nje wa mpindo, pale mgongoni inapasuka nyufa nyingi ndogo ndogo. Hizo nyufa ni neema kama kifuniko kiko salama, mafuta yanakimbilia kisimani kupitia hizo kuliko vile vitundu. Mfano mzuri ni Masjed Soleyman kule Iran, tarehe 26 Mei 1908, kisima hakikuwa kirefu hata, kama mita 360 tu, kikarusha mafuta juu angani kutoka chokaa ya Asmari, na chokaa ile ingekuwa haijapasuka kwa kukunjwa isingetoa vile. Milima ya Zagros yote ni hivyo, bara Arabu linasukuma kaskazini linagongana na Ulaya na Asia, na ukiitazama kwenye picha za setilaiti ni migongo mirefu sambamba kama nyangumi wamelala foleni.

Lakini hukohuko Zagros ndo tulikojifunza kwamba mgongo unaouona juu sio lazima uwe mgongo ulioko chini. Juu ya Asmari kuna matabaka ya chumvi na jasi yanaitwa Gachsaran, ni kifuniko bora mno, ila chumvi ikikandamizwa inatiririka pole pole kama unga wa chapati chini ya kiganja, kwa hiyo matabaka ya juu yake yamejikunja kivyake na ya chini kivyake. Unasimama kileleni, unachimba wima kabisa, na mgongo wenyewe wa Asmari uko pembeni kilometa kadhaa. Visima vingi vya zamani vilikosa kwa namna hiyo.

Na hapo ndo nije Fahud, kisa nachokipenda kuliko vyote na nyie mko nacho jirani. Wanajiolojia walifika pale mwaka 1954 wakitokea pwani ya Duqm, wakakuta kilima kirefu cha chokaa, mbavu zake zimeinama nje pande zote na katikati pamelika pamekuwa bonde, yaani antiklaini ambayo hata mtoto wa darasa la saba angeitambua. Januari 1956 wakaanza kisima cha kwanza. Kikatoka kikavu. Wakajaribu kwingine nako wapi, na 1960 wabia wengi wa kampuni iliyokuwa ikichimba wakakata tamaa wakaondoka, zikabaki kampuni za Shell na Partex peke yao. Waliobaki wakapata Yibal 1962, halafu Natih 1963, na 1964 wakarudi Fahud wakachimba mita mia chache tu kutoka kile kisima kikavu na mafuta yakawepo, mengi. Katikati ya visima viwili vile kulikuwa na ufa mkubwa umekata matabaka chini kwa chini, upande mmoja umezama mwingine umebaki juu, na kile cha 1956 kiliangukia upande usio wenyewe. Meli ya kwanza ya mafuta ya Oman iliondoka Mina al Fahal tarehe 27 Julai 1967. Fikiria, kilima unakiona kwa macho, chokaa ipo, kifuniko kipo, jiko lipo, wakati uko sawa, na bado mita mia chache zimegharimu miaka nane.

Ndo maana hakuna mtu makini anayechimba kwa kutazama kilima siku hizi. Unatetemesha ardhi kwa malori maalumu, au baharini kwa mapigo ya hewa, unasikiliza mwangwi kutoka kila tabaka kwa maelfu ya vinasa sauti, unapata picha ya chini. Hata hiyo picha nayo inapimwa kwa muda wa mwangwi sio kwa mita, lazima ukisie kasi ya sauti kwenye kila mwamba, na chini ya chumvi au kwenye matabaka yaliyosimama wima inachafuka vibaya. Ni kazi ya miezi mingi na watu wengi.

Haya tuje Pemba. Nakuomba usinielewe vibaya, mi sisemi Pemba haina kitu, sijui cha chini ya shamba lenu na hakuna anayejua kwa kutazama. Nachosema ni kwamba kilima sio antiklaini. Kilima ni umbo la ardhi, antiklaini ni umbo la matabaka, na mara nyingi haviendani kabisa, kuna milima duniani ambayo matabaka yake yamepinda kwenda chini kama bakuli na kuna mabonde yaliyokaa juu ya antiklaini kama pale katikati ya Fahud. Vilima vyetu vya Pemba kwa kiasi kikubwa vimechongwa na mvua kwenye mchanga, udongo mfinyanzi na mawe ya matumbawe, haviko kwenye ukanda uliobanwa kama Oman au Iran. Huku kwetu Afrika Mashariki ardhi kwa sehemu kubwa inavutwa, haibanwi, mafuta ya Ziwa Albert yaliyopatikana 2006 na yale ya Turkana ya 2012 yako kwenye mabonde ya ufa ambako vitalu vya miamba vimezama na kuinama, mitego mingi pale imetengenezwa na nyufa. Mikunjo ya kweli ipo, mfano chini ya bahari kina kirefu nje ya delta ya Ruvuma, pale mzigo wa tope unateleza wenyewe kuelekea baharini na kujikunja mbele kama shuka kwenye miguu ya kitanda. Ila hiyo huioni ukiwa shambani.

Tundaua ni kweli, mafuta yanachuruzika pale na yanajulikana siku nyingi. Maana yake nini? Maana yake kuna jiko mahali fulani limepika, hiyo ni habari njema na ndo iliyowavuta watu kuchimba kisima kirefu Pemba mwanzoni mwa miaka ya 60, ambacho hakikuleta mafuta ya biashara. Lakini maana yake nyingine ni kwamba kuna kinachovuja. Na yanapotokea sio lazima pawe juu ya yanapokaa, yanaweza kutembea pembeni kilometa nyingi kwa kufuata tabaka au ufa kabla hayajaona mwanga.

Na kabla hujaamini ule utando wa kijitoni fanya hivi, mwambie ndugu aliyeko huko achukue kijiti ausukume katikati. Ukikatika vipande vipande kama kioo kilichovunjika na vikabaki hivyo mbali mbali, huo sio mafuta, ni bakteria wa chuma, wanapenda maji yaliyotulia na mara nyingi utaona na tope la rangi ya kutu pembeni. Mafuta ukiyakata kwa kijiti yanazunguka yanajifunga tena, na yana harufu. Mi nimeitwa mara kadhaa kwenda kutazama "mafuta" ya mtu na nikakuta kutu, wenye shamba wanaumia sana na mi naumia nao manake wengine washauza ng'ombe kwa ajili hiyo. Kama yakijifunga tena basi msiyanywe hayo maji wala mifugo isinywe, na kama kuna harufu ya gesi au mapovu yanayotoka mfululizo hakuna kuwasha moto wala sigara karibu.

Sasa hesabu ya zile riali 200. Tuseme kwa ukarimu mkubwa kila jambo kati ya yale manne lina nafasi nusu kwa nusu, umbo, kifuniko, jiko, na wakati. Unazidisha, huyajumlishi, nusu mara nusu mara nusu mara nusu, umebaki na moja kwa kumi na sita, na hapo ni baada ya kazi ya maana kufanyika chini. Huyo ndugu yenu hana hata moja alilopima, ana kilima na kijito. Halafu mafuta na gesi yaliyoko chini sio mali ya mwenye shamba, ni ya serikali, na utafutaji wowote Zanzibar uko chini ya sheria ya 2016 na mamlaka iliyoanzishwa nayo, ZPRA. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza hisa muombeni vitu viwili: nakala ya leseni yenye jina la kampuni na eneo, na ripoti ya seismiki, yaani ile picha ya mwangwi wa chini ya ardhi, yenye jina la aliyeitafsiri. Mkipewa, nendeni nazo wenyewe ofisi ya ZPRA mkaulize kama zinatambulika, na mkitaka kuweka pesa mpelekeeni mwanasheria mkataba kwanza. Visipopatikana mna jibu. Na akikuambieni ni siri ya kampuni, leseni ya serikali haiwezi kuwa siri ya mtu.

Najua ni ngumu kumwambia hivyo mtu wa damu mbele ya grupu zima, pengine na yeye kadanganywa na anaamini kabisa. Mpigie simu pembeni kwanza. Unaweza kumwambia umeuliza na umeambiwa mambo mawili yakaguliwe, kijiti na leseni, hakuna anayeaibika kwa hilo.

Kama kijiti kitaonyesha mafuta ya kweli, hapo sasa inafaa mtu aende mwenyewe, sio mimi kwa picha za simu. Toeni taarifa ZPRA, na mwanajiolojia akija atataka kuona matabaka pale kijito kilipokata ukingo, atapima yameinama upande gani kwa dira, atachukua sampuli kwenye chupa ya kioo, sio ya plastiki, na maabara itasema ni mafuta ya asili au ni dizeli iliyomwagika kutoka mashine ya mtu huko juu. Hilo la dizeli linatokea kuliko unavyofikiri, ulizeni nani ana pampu au boti la kutengeneza karibu.

Na kijana, kama kweli kavutiwa, safari ijayo msiishie Jabal Shams. Mpeleke Madmar asubuhi mapema kabla ya joto, asimame mbali kidogo aone chokaa inavyopanda kutoka upande mmoja na kushuka upande wa pili, halafu asogee apapase zile nyufa za mgongoni ahesabu ziko ngapi kwa kila hatua moja, na kwenye mbavu ahesabu tena. Nitumie hizo namba zake, na kwenye picha aweke kitu cha kupimia, kalamu au sarafu, na aandike ni upande gani wa kaskazini.